Weusi Huu Umetoka Wapi? Maswali ya Wasomaji, Kuanzia Mwezini Hadi Ndani ya Seli

Barua za toleo hili zimekuja kana kwamba wenyewe walikutana wakapanga. Mmoja kauliza mabaka ya mwezi, mwingine mboni ya jicho, wa tatu yuko chuoni anahangaika na picha ya seli. Ukiziweka pamoja, wote wanauliza kitu kimoja: kwa nini pale ni peusi? Mmenikuna panaponiwasha. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza maabara, nikipaka rangi vipande vya tishu mchana kutwa, na usiku nikitoka nje na darubini ya mkononi kutazama juu. Weusi nimeutengeneza kwa mikono yangu, na weusi mwingine nimeukuta ulivyo. Kwa hiyo leo nitajibu kwa urefu pale penye utamu, na pengine nitapita mbio.

Mtakaposoma mtaona nina swali langu moja ninalolirudia. Siulizi kitu kina rangi gani. Nauliza mwanga uliotakiwa kufika jichoni umepotelea wapi.

*

SWALI: Shikamoo Babu. Mtoto wangu wa miaka saba kauliza yale mabaka meusi ya mwezini ni nini. Mimi nikamwambia ni vivuli vya milima. Baba yake akasema ni bahari zilizokauka. Nyumba imegawanyika. Nani kasema kweli?

JIBU: Marahaba mama. Hakuna aliyepata, ila mumeo amekaribia kidogo zaidi, na nisingependa ulisome hilo kwa sauti.

Tuanze na vivuli, maana jibu lako linapimika. Kivuli kinafuata jua. Mwezi ukiwa mpevu, jua linaupiga usoni moja kwa moja kwa upande wetu, na vivuli vya milima yake karibu vyote hutoweka. Lakini huo ndio usiku ambao mabaka yanaonekana vizuri kuliko usiku mwingine wowote. Na hayahami: yalipo leo ndipo yalipokuwa Galileo alipoyachora mwaka 1609. Kivuli hakina tabia hiyo.

Bahari nazo zina kisa. Mwaka 1651 padri mmoja wa Italia, Giovanni Battista Riccioli, alitoa ramani ya mwezi akayapa mabaka hayo majina ya bahari, na majina yakabaki mpaka leo. Bahari ya Utulivu ndipo walipotua wale wa Apollo 11 mwezi Julai 1969. Maji hawakuyakuta. Walikuta mawe, wakabeba kilo zaidi ya 21, na mawe hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi: ni basalti, yaani lava iliyoganda.

Ilikuwa hivi. Zamani sana vimondo vikubwa mno viliugonga mwezi na kuchimba mabonde ya mamia ya kilomita. Baadaye mawe yaliyoyeyuka ndani yakapanda kupitia nyufa, yakajaza mabonde hayo kutoka chini, yakaganda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kati ya miaka bilioni 4 na bilioni 3 iliyopita, ingawa palikuwa na mabaki ya moto kwa muda mrefu baadaye. Chombo cha China, Chang'e 5, kilirudi Desemba 2020 na basalti yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.

Sasa weusi. Basalti ina chuma kingi, na mahali pengine titani nyingi pia, ndani ya madini kama piroksini na ilmeniti. Madini hayo yanafyonza mwanga badala ya kuurudisha. Nyanda za juu za mwezi, zile sehemu nyeupe, ni za jiwe jingine, anothositi, lenye kalsiamu na alumini kwa wingi na chuma kidogo, nalo hurudisha zaidi. Kwa hiyo mwanga wa jua ulioangukia Bahari ya Utulivu haujapotea hewani. Umeingia ndani ya jiwe ukageuka joto.

Lakini kuna jambo mtoto wako hakuuliza, na ndilo ninalolipenda zaidi. Zile sehemu "nyeupe" nazo si nyeupe. Mwezi mzima kwa wastani unarudisha karibu asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, na mabaka yake karibu asilimia 7. Ukichukua kipande cha mwezi ukakiweka mezani mchana, utakiona kama lami iliyochakaa. Unang'aa usiku kwa sababu jua linaupiga kwa nguvu zote na nyuma yake hakuna kitu chenye mwanga wa kushindana nao. Jicho halipimi, linalinganisha. Wekeni hilo akilini, litarudi tukifika kwenye jua.

Mwambie pia kwamba upande wa pili wa mwezi, tusiouona kutoka hapa, karibu hauna mabaka. Chombo cha Kisovieti Luna 3 kiliupiga picha Oktoba 1959, na watu walishangaa. Upande wetu karibu theluthi moja ni basalti, upande ule kama asilimia 2 tu. Gamba la mwezi ni nene zaidi huko, lava ikapata shida kupanda. Kwa nini gamba likawa nene upande mmoja, hapo wataalamu bado wanavutana mashati.

Nisikuache mikono mitupu mama. Vivuli vya kweli vipo, ila si hivyo unavyoviona. Mhimili wa mwezi umeinama nyuzi moja na nusu tu, hivyo kwenye ncha zake jua halipandi, linazunguka likiambaa upeo. Sakafu za kreta kadhaa huko, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, kama ile ya Shackleton karibu na ncha ya kusini, hazipati miale ya jua mwaka mzima, na hali imekuwa hivyo kwa muda mrefu mno. Baridi yake inapita nyuzi 180 chini ya sifuri. Mwaka 2009 Wamarekani waliangusha kwa makusudi kipande cha roketi ndani ya kreta iitwayo Cabeus, na katika vumbi lililoruka wakaona dalili za maji. Kwa hiyo palipo na kivuli halisi ndipo penye maji halisi, japo ni barafu. Mmetoka sare.

*

SWALI: Mwalimu, niko mwaka wa kwanza, nasoma biolojia. Kwenye picha ya hadubini ya elektroni, kiini cha seli kina mabaka meusi pembeni na katikati pameng'aa. Mhadhiri alisema "heterokromatini" akafungua ukurasa mwingine. Je, DNA ni nyeusi?

JIBU: Hapana mwanangu. DNA haina rangi, na seli yenyewe karibu haina rangi. Jaribu ukirudi maabara: chukua tone la maji lenye seli hai za shavuni mwako, bila rangi yoyote, uliweke chini ya hadubini ya kawaida na taa iwe wazi kabisa. Huoni kitu. Utadhani slaidi ni tupu. Sasa punguza polepole kile kitundu cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini. Ukingo wa seli unaanza kujitokeza, kisha duara la kiini, hafifu. Wala si kwamba seli imefyonza mwanga. Imeukunja kidogo tu, na kitundu chembamba kimekuwezesha kuona huko kukunjika. Mholanzi Frits Zernike alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953 kwa kubuni namna bora ya kuugeuza mkunjo huo kuwa giza na nuru.

Maana yake ni kwamba weusi mwingi unaouona kwenye picha za seli tumeutia sisi. Najua, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyonilisha. Rangi tuliyoitumia kila siku ni hematoksilini, inayotoka kwenye moyo wa mti mmoja wa Amerika ya Kati. Peke yake haifai kitu. Mpaka ioksidishwe, kisha iunganishwe na chumvi ya alumini, ndipo inapata chaji chanya na kwenda kushikamana na fosfeti za DNA zenye chaji hasi. Slaidi ikitoka humo ina wekundu wa zambarau usiopendeza. Ukiichovya kwenye maji yenye ualikali kidogo, kiini kinageuka buluu iliyoiva mbele ya macho yako. Mimi sikuwahi kuchoka kuitazama dakika hiyo. Ukiiacha kwenye rangi muda mrefu kupita kiasi, kila kitu kinakuwa giza, na mgeni wa kazi huanza kuona ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Hadubini ya elektroni ni hadithi nyingine, hapo hata mwanga haupo. Elektroni zinapita kwenye kipande chembamba kiasi kwamba unaweza kupanga zaidi ya kumi juu ya mikromita moja. Kaboni, haidrojeni na oksijeni za seli ni nyepesi, zinaziacha elektroni zipite bila kuyumba sana. Kwa hiyo tunailowesha tishu kwenye metali nzito: osmi, urani, risasi. Atomu hizo nzito zinazitawanya elektroni pembeni, hazifiki kwenye kamera, na pale pasipofikiwa panatoka peusi. Mabaka uliyoyaona, kwa maneno mengine, ni ramani ya mahali metali iliponasa.

Usije ukatoka hapa ukidhani basi picha ni uongo. Metali hainasi ovyo. Inanasa kwa wingi palipo na kitu cha kushika, na DNA iliyokunjwa ikabanwa inashika zaidi kwa kila sehemu ya nafasi. Mjerumani Emil Heitz aliona tofauti hiyo mwaka 1928 akichunguza viini vya mimea ya kuvumwani, akatoa majina mawili: heterokromatini kwa sehemu zinazobaki zimebanwa na kukolea rangi, na eukromatini kwa zile zinazofunguka na kupauka. Iliyobanwa jeni zake kwa kawaida zimenyamaza, mara nyingi zimesukumwa pembeni kwenye utando wa kiini. Iliyofunguka ndiyo inayosomwa. Kwa hiyo picha ile ya kitabuni inakuonyesha kazi na mapumziko ya seli, mradi ujue kuisoma.

Na usiigeuze kuwa kanuni, maana mtahini atakunasa. Ndani ya kiini hicho hicho kuna fundo jeusi kuliko yote, nukleoli. Ukifuata kanuni ya "peusi ni palipolala" utasema imelala, kumbe ndiyo karakana ya ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini, hakuna sehemu yenye shughuli kama hiyo. Ni nyeusi kwa kuwa imejaa RNA na protini zilizosongamana, na metali inashika huko pia.

Ngoja nikupe mfano mmoja ambao ningeusoma mimi nikiwa na umri wako ningelala nao. Mwaka 1949 Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram, huko Kanada, walikuwa wakitazama seli za neva za paka. Katika baadhi ya paka waliona kidoa kilichokolea rangi ndani ya kiini, kwa wengine hakipo. Walipopekua kumbukumbu, wenye kidoa walikuwa majike. Mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza akapendekeza maelezo: jike ana kromosomu X mbili, na mapema sana akiwa bado kiinitete, kila seli inaizima moja kwa bahati nasibu. Ile iliyozimwa inakunjwa, inabanwa, inakuwa kidoa. Sasa mfikirie paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa mgongoni. X yake moja ina jeni ya rangi ya chungwa, nyingine haina. Pale ambapo seli zilizima ile yenye jeni hiyo pamekuwa peusi, pale zilipozima isiyo nayo pamekuwa pa chungwa. Baka la manyoya unalolishika kwa mkono na kidoa unachokihitaji hadubini kukiona vimezaliwa na tukio moja. Ndiyo maana paka wa rangi hizo mbili karibu wote ni majike.

Mwisho, upo weusi ambao seli inautengeneza yenyewe bila sisi. Melanini ya ngozi husukwa ndani ya vifuko vidogo na seli maalumu, kisha vifuko hivyo hukabidhiwa seli jirani. Na jirani havitupi popote tu. Anavikusanya juu ya kiini chake, upande unaotazama jua, na hapo vinafyonza mionzi ya urujuanimno kabla haijaigusa DNA. Ukichukua kipande cha ngozi ukakikata wima, chini ya hadubini unaiona hiyo kwa macho yako. Ubongoni nako kuna ukanda mweusi, substantia nigra, weusi wake ukitokana na ndugu wa melanini ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni. Kwa mtu aliyefariki akiwa na ugonjwa wa Parkinson, ukanda huo umepauka. Hapo daktari anayechunguza hasumbuliwi na doa jeusi. Anasumbuliwa na doa jeusi lililokosekana.

*

SWALI: Kwa nini mboni ni nyeusi kwa kila mtu, hata mwenye macho ya buluu? Na mbona kwenye picha za usiku inakuwa nyekundu?

JIBU: Kwa sababu ni tundu. Mwanga unaoingia humo mwingi unafyonzwa na retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga, na tabaka lenye melanini lililo nyuma yake, na mdogo unaorudi unatoka kwa njia ile ile ulioingilia, unarudi kwenye taa. Ili uuone ingebidi uweke jicho lako mahali taa ilipo, na ukifanya hivyo kichwa chako kinaiziba taa. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliitatua kero hiyo mwaka 1851 kwa kutumia vioo vilivyoinamishwa: vinapeleka mwanga ndani ya jicho la mgonjwa huku yeye akichungulia kwa mstari huo huo. Chombo anachokutazamia daktari wa macho leo kimetokana na hapo.

Kamera yenye taa karibu kabisa na lenzi inafanya kazi ya Helmholtz bila kukusudia. Wekundu unaouona ni damu ya nyuma ya jicho.

*

SWALI: Yale madoa meusi kwenye picha za jua, ni sehemu ambazo moto umezimika?

JIBU: Hata kidogo. Uso wa jua una joto la karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi. Katikati ya doa kubwa ni karibu 3,500 au 4,000 hivi. Joto hilo linayeyusha chuma na kukichemsha. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alionyesha kwamba kwenye madoa kuna sumaku kali mno, maelfu ya mara kuliko ile inayogeuza sindano ya dira. Sumaku hiyo inazuia gesi moto isipande kutoka chini kama inavyopanda kwingine, hivyo pale panapoa kidogo. Na kitu kikipoa hata theluthi tu, mwanga wake unashuka sana.

Hapa ndipo mwezi unaporudi. Doa la jua lingekatwa likatundikwa peke yake angani usiku, lingeng'aa kuliko mwezi mpevu. Linaonekana jeusi kwa sababu limezungukwa na kinachong'aa zaidi, na kamera imepunguzwa mwanga ili isiungue. Mwezi wa rangi ya lami tunauita mweupe, kipande cha moto tunakiita cheusi. Kila siku mimi huwaambia vijana: ukiandika "peusi" kwenye daftari la maabara, andika na pembeni yake kuna nini.

Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, jambo alilolitangaza Heinrich Schwabe mwaka 1843 baada ya kuyahesabu kwa uvumilivu wa miaka mingi. Kuyatazama kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele yake ni kulichoma jicho, na retina haina mishipa ya maumivu ya kukuonya. Usijaribu hata kwa sekunde.

*

SWALI: Nyota hazihesabiki. Kwa nini basi anga la usiku ni jeusi? Usiniambie ni kwa sababu jua limezama.

JIBU: Sitakuambia, kwa kuwa umeuliza swali ambalo mwanafalaki Kepler aliliuliza mwaka 1610 na mwenzake wa baadaye, Heinrich Olbers, akalirudia mwaka 1823. Kama ulimwengu hauna mwisho, haubadiliki na umekuwapo siku zote, basi kokote utakakoelekeza macho mstari wako ungegota kwenye nyota fulani, na anga lote lingewaka kama uso wa jua.

Haliwaki kwa sababu ulimwengu una umri, takriban miaka bilioni 13.8. Mwanga wa mbali kupita kiasi fulani haujapata muda wa kufika. Huu ni weusi wa aina yake: mwanga haujafyonzwa wala haujazibwa, bado uko njiani. Tena, mng'ao wa ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto kote kote upo mpaka leo, umetujia kutoka kila upande, ila kupanuka kwa anga kumeurefusha ukawa mawimbi ya redio mafupi ambayo jicho haliyashiki. Arno Penzias na Robert Wilson waliyanasa kwa antena, wakatangaza mwaka 1965. Macho yetu yangekuwa ya namna nyingine, usiku usingekuwapo.

Ukiwa mahali penye giza safi utaona pia mianya myeusi ndani ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota. Mwanafalaki William Herschel alidhani ni matundu ya kweli, pasipo na nyota. Sivyo. Ni mawingu ya gesi na vumbi laini yaliyosimama mbele ya nyota. Moja linaloitwa Barnard 68 ni jeusi tii kwenye picha ya kawaida, huoni hata nyota moja kupitia katikati yake. Lipige picha kwa mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni, nyota za nyuma zinajitokeza. Na ndani ya mawingu ya aina hiyo ndimo nyota mpya zinamozaliwa, kwa kuwa vumbi linazuia mwanga na joto la nje, gesi inapoa, inajikusanya.

*

SWALI FUPI: Mawingu ya mvua yana uchafu gani hata yawe meusi?

JIBU: Hayana uchafu. Ni manene. Matone yake yanautawanya mwanga mpaka mwingi unarudi juu ulikotoka, na wewe uko chini unapokea mabaki. Aliye kwenye ndege juu ya wingu hilo hilo analiona jeupe la kuumiza macho.

SWALI FUPI: Mchanga ukilowa unakuwa mweusi, na maji hayana rangi. Imekuwaje?

JIBU: Mchanga mkavu una hewa kati ya chembe, mwanga unagonga na kurudishwa upesi. Maji yakijaza nafasi hiyo, mwanga haugongi kwa ukali ule, unaendelea mbele na kuzama zaidi, na kila chembe inayopitwa inafyonza kidogo. Dondosha tone moja kwenye jiwe kavu la kijivu, ulitazame likikauka kuanzia ukingoni: utaona weusi ukirudi nyuma pamoja na maji.

*

SWALI: Shikamoo. Nina umri wa miaka 58. Nikitazama ukuta mweupe naona vidoa vyeusi vinaelea, nikivifuata kwa jicho vinakimbia. Ni hatari?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwa kawaida si hatari. Ndani ya jicho kuna ute kama jeli, na kadiri umri unavyokwenda nyuzi zake zinajikunja na kushikana. Unachokiona ni vivuli vyao vikianguka kwenye retina. Vinakimbia kwa kuwa vimo ndani ya jicho lenyewe, ukiligeuza vinageuka nalo.

Jambo la ajabu ni kwamba una doa kubwa zaidi ya hayo na hulioni. Pale mshipa wa neva unapotokea nyuma ya jicho hapana chembe hata moja ya kupokea mwanga, jambo alilolionyesha Mfaransa Edme Mariotte katika miaka ya 1660. Chora msalaba kwenye karatasi, na sentimita 8 kulia kwake chora duara dogo ulijaze wino. Fumba jicho la kushoto, ukazie msalaba kwa la kulia, kisha isogeze karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Ikifika karibu sentimita 30 duara linatoweka. Na angalia kinachobaki mahali pake: si shimo jeusi, ni weupe wa karatasi. Pasipo na kipokezi kabisa ubongo hauoni giza, unajaza wenyewe. Ili uone weusi unahitaji sehemu ya retina iliyo nzima, inayofanya kazi na kutoa taarifa kwamba hapa mwanga ni kidogo.

Hivyo vidoa vyako vinavyoelea vinaonyesha kwamba retina iliyo nyuma yake inaona. Lakini vikija ghafla vingi kwa mpigo, au ukiona vimulimuli vya mwanga pembeni, au kitu kama pazia jeusi linashuka upande mmoja wa jicho, retina inaweza kuwa imechanika au inabanduka. Hapo nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, usisubiri kuniandikia. Ikiwahiwa huweza kurudishwa mahali pake.